Hobi za fomu foo 2003: niandike walichoandika, au walichokuwa wakifanya?

Mlimba_Kwetu ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo naomba ushauri, na mnivumilie maana ni refu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2003, shule ya serikali ya bweni, mchanganyiko, huko Njombe, enzi hizo Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa. Jina la shule naliweka kando, mtaona kwa nini. Desemba hii tunakutana Makambako wale tunaopatikana, na kundi letu la WhatsApp likapitisha kwamba kitengenezwe kijitabu. Kila aliyekuwa mkondo wa B apate nusu ukurasa: picha ya zamani kama ipo, tabia yake, na alichokuwa akipenda kufanya. Tulikuwa 41. Kazi nikaangushiwa mimi, eti nina kumbukumbu. Ukweli ni kwamba siku hiyo simu yangu ilikuwa imezima, sikuwepo kukataa.

Basi mwezi uliopita nikapanda treni ya TAZARA mpaka Mlimba kumsalimia mama, nikafungua tranka langu la shule. Chini kabisa, chini ya sweta lililoliwa na nondo, nikaikuta otografu yangu. Wa rika langu mnaijua: kaunta buku, jalada limevikwa karatasi ya kalenda, unaipitisha darasani miezi ya mwisho kabla ya mtihani na kila mtu anakujazia ukurasa. Jina kamili, jina la utani, chakula ukipendacho, rangi, hobi, unatarajia kuwa nani, neno la mwisho kwa mwenye daftari. Panya wamekula kona ya juu lakini maandishi yapo. Kurasa 38. Hata ile iliyokunjwa na kuandikwa "SIRI, USIFUNGUE" ipo. Nikaifungua tena, na ndani bado imeandikwa "nilijua tu utafungua".

Nikasema kazi imekwisha, nitanakili tu. Nikaanza kusoma kipengele cha hobi.

Kati ya hao 38, watu 29 wameandika kitu kile kile: kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo.

Jamani. Vitabu vipi? Maktaba yetu ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na ufunguo aliondoka nao mwalimu aliyehamishwa tukiwa kidato cha pili. Muziki tuliusikia kwenye basi wakati wa kwenda likizo. Na mawazo hatukubadilishana, tulibadilishana sabuni kwa sukari. Kwenye chakula nako karibu wote ni "wali kuku". Sisi wa ugali na maharage siku sita kwa wiki, na ya saba makande!

Sasa mimi niliishi na hawa watu miaka minne. Najua walikuwa wakifanya nini. Niwape mifano michache.

Kuna jamaa tulimwita Betri. Ameandika hobi yake ni kusoma riwaya. Sijawahi kumwona na riwaya. Alichokuwa nacho ni redio ndogo, marufuku bwenini, inayolala mchana ndani ya buti la mvua. Betri zikichoka hakuwa na hela ya kununua nyingine, kwa hiyo alizianika juu ya bati la stoo ya kuni. Na jua la Njombe mwezi wa saba mnalijua, linakuja kama mgeni asiyetaka kukaa. Ilibidi azihamishe kila baada ya kipindi kufuata mwanga, na kila mara aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Walimu waliamini ana tatizo la tumbo, mmoja akamletea dawa ya minyoo. Akainywa. Angesema nini?

Mwaka ule wa mwisho wetu ndio Simba walikwenda Cairo kurudiana na Zamalek waliokuwa wanashikilia ubingwa wa Afrika, huku wana bao moja walilolipata Dar. Tulikuwa vijana kama kumi na watano juu ya vitanda viwili vilivyounganishwa, mablanketi matatu juu yetu ili mwanga wa tochi usionekane, Betri ameishika redio sikioni. Zamalek wakarudisha lile bao. Ikaenda penalti. Hapo hapo sauti ikaanza kufifia. Betri hakusema neno, akafungua kifuniko, akazitoa zile betri mbili, moja akaiuma ubavuni kwa meno, ya pili akaiweka kwapani, tukakaa gizani tunamsikiliza anavyohema. Alipozirudisha tukamkuta mtangazaji anapiga kelele kuhusu Kaseja, kipa wa Simba, na hatukujua ni kelele ya furaha au ya msiba mpaka sekunde kadhaa zilipopita. Simba wamevuka, mabingwa wametolewa. Bweni likalipuka. Patroni akaja na kiboko, tukafagia uwanja wa paredi wiki nzima. Mimi ni Yanga, na nilifagia.

Niambieni, mtu kama huyo niandike "kusoma riwaya"?

Au dada tuliyemwita Gazeti. Kaandika "kupika". Kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi na karanga pale getini. Ukimaliza andazi lako unampa karatasi, hata ikiwa na mafuta. Hadithi za magazetini zilikuja kwake hazina kichwa wala miguu, zimeanzia katikati ya ugomvi wa mke na mume na zinaishia mafuta yalipofuta. Vipindi visivyo na mwalimu alisimama mbele, anasoma kipande, halafu pale kinapokatika anaendelea mwenyewe bila kupumzika, huwezi kujua gazeti limeishia wapi na yeye ameanzia wapi. Kuna mume wa hadithini alimsafirisha hadi Kongo, akamrudisha na mguu mmoja.

Au Kingi. Huyu alikuwa na kigugumizi kikali. Akiulizwa swali darasani, mlikuwa mnaangalia chini wote kwa huruma. Lakini mweke kwenye drafti, ubao umechorwa kwa msumari kwenye mfuniko wa tranka, kete ni vizibo vya soda, wake vimelala chali na vyako kifudifudi, utashangaa. Maneno yanatoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Sogea hapo, sogea tu mtoto wa watu, jioni utamwandikia mama barua ya kilio, mwambie hapa hupati chakula unalishwa kete." Bila kukwama hata silabi moja. Mchezo ukiisha, kigugumizi kinarudi.

Huyu mwingine sitampa hata jina la utani. Alikuwa na mkono mzuri kuliko mashine. Ramani ya Afrika aliichora kwa kutazama mara moja, na nusu ya madaftari ya Jiografia ya shule yalikuwa na ramani zake, malipo kipande cha sabuni ya mche. Kipaji hicho hicho kilitoa sahihi ya mwalimu wa zamu kwenye karatasi za ruhusa. Tulikwenda mjini kula chipsi kwa ruhusa halali kabisa isipokuwa kwamba haikuwa halali. Leo ni mchungaji, ana waumini, na atakuja Makambako na mama mchungaji.

Wa mwisho ndiye aliyenifanya nilete uzi huu. Alikuwa mpole, mtunza muda wa shule, hakuwahi kugombana na mtu. Alifariki mwaka 2009 kwa ajali ya pikipiki, Mungu amrehemu. Mama yake yupo hai, tumemwalika na amekubali kuja. Kati ya kurasa zote 38 yeye peke yake hakunakili kwa jirani. Kwenye hobi kaandika neno moja: "Kulala."

Nimeliangalia lile neno usiku kucha. Nikiliacha lilivyo, mama atafungua kijitabu mbele za watu na kukuta jina la mwanawe, chini yake "kulala". Nikilifuta na kuweka "kubadilishana mawazo", nitakuwa nimemchukua mkweli pekee wa darasa zima nikamtia uongo akiwa kaburini.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Kwake yeye, na kwa hao wengine.

---

Kijiti_cha_Kiberiti ameandika:

Mkuu, unajipa kazi isiyo yako. Umeagizwa kijitabu, umeanza kutunga. Andika walichoandika kwa mikono yao, chapa, gawa, kula pilau, rudi nyumbani. Mtu ana haki ya kujiita msoma vitabu. Mimi kwenye otografu za watu niliandika natarajia kuwa rubani. Leo nauza vifaa vya mabomba Kariakoo, na sitaki mtu aje kunisahihishia urubani wangu.

---

Nyanya_Chungu ameandika:

Kaka Mlimba, stori zako tamu, lakini nimehesabu. Watu watano umewasimulia, mwanamke mmoja. Mkondo wenu ulikuwa na wasichana wangapi? Au bweni letu lilikuwa mbali sana hamkuliona?

Nakuuliza kwa sababu nami nilisoma bweni, miaka ya karibu na yako, na najua wasichana tuliandika uongo uleule, "kupika", kwa kuwa ndilo jibu la msichana mwenye adabu. Kupika wapi? Jikoni kulikuwa na wapishi wa shule, hata kuni hatukugusa. Sisi Jumamosi mchana tulifuma vitambaa. Uzi mweupe, kulabu moja ya chuma inapokezana watu sita, na kama huna kulabu unanoa mwiba wa mwavuli mbovu kwenye sakafu mpaka uwe na ncha. Mimi nilifuma vitambaa vya seti nzima ya makochi, vya mgongoni, vya mikononi na cha meza, na nyumbani hatukuwa na kochi hata moja. Baba alikalia kigoda. Kuna mwenzangu alifuma kimoja tu miaka minne yote. Anafika katikati, anakifumua chote, anaanza upya. Ukimuuliza anasema mkono umekosea. Ukitaka tabia ya mtu, huyo hapo, huhitaji ukurasa mzima.

Kwa hiyo kabla hujachapa, tafuta dada mmoja wa darasani kwenu, mpe upande wa wasichana auandike yeye.

Kuhusu mchungaji, mpigie. Usimwandike bila kumwambia, na usimfiche bila kumwambia. Ana mke, ana waumini, yeye ndiye ajue anataka lipi litoke.

Kuhusu marehemu sina jibu. Pole sana.

---

Dogo_2016 ameandika:

Kwa hiyo wazee mlikuwa mnachati kwa kaunta buku 😂 Sisi mwaka 2016 kila mtu hobi yake ni "kusafiri". Na wote tulikuwa hatujavuka Chalinze.

---

Ng_ambo_ya_Namanga ameandika:

Hamjambo jirani zetu. Sisi huku Kenya otografu zilikuwako vilevile, halafu siku ya karatasi ya mwisho ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, watu waliandikiana pia kwenye shati la shule. Mimi nilimaliza 1998. Shati langu lilijaa maneno mpaka kola. Nikafika nyumbani jioni, asubuhi nikaamka nikalikuta kwenye kamba limefuliwa, jeupe, safi kabisa. Mamangu alisema aliona limechafuka sana, tena na wino, akasugua kwa nguvu. Hakuwa na makosa. Watu wangu wote arobaini waliishia kwenye karai.

Nakwambia tu ujue una bahati kuwa na hicho kitabu, hata kama ni cha uongo. Piga picha kila ukurasa, mwandiko wenyewe uonekane. Mtu akiona mwandiko wake wa miaka kumi na saba, yale maua ya kalamu nyekundu pembeni, hatajali umeandika nini chini yake.

---

Mwalimu_Mstaafu ameandika:

Ndugu Mlimba_Kwetu, nimefundisha sekondari za bweni kwa miaka 31, Jiografia na Kiswahili, na si katika shule yako. Naomba kuchangia kwenye jambo moja tu, la huyo marehemu.

Umeandika mambo mawili juu yake katika aya moja na hukuyaweka pamoja. Umesema alikuwa mtunza muda wa shule. Kisha umesema hobi yake ilikuwa kulala. Wewe uliyekuwa mwanafunzi umeyapita. Mimi niliyekuwa nikiwateua hao watunza muda nimesimama hapo.

Wasomaji wengine pengine hawajui kazi hiyo. Shule nyingi hazikuwa na kengele ya umeme. Palikuwa na ringi ya gurudumu la lori imening'inizwa kwenye mti, na kipande cha nondo cha kuipigia. Mtunza muda huamka saa kumi na nusu alfajiri, peke yake, kabla ya kaka mkuu, kabla ya wapishi, akatoka kwenye baridi kupiga ya kwanza. Kisha hupiga ya mchakamchaka, ya usafi, ya paredi, ya kila kipindi, ya chakula, ya prepo, na ya mwisho ya kuzima taa. Shule nzima ikishalala ndipo naye analala, na shule nzima ikiwa bado imelala yeye ameamka. Jumapili pia, kwa sababu ya ibada. Akichelewa dakika kumi, watu mia tano wamechelewa, na wa kuulizwa ni yeye. Kwetu tulimpa saa ya mkononi ya shule, na hiyo ndiyo ilikuwa posho yake yote.

Nina sababu ya kulikumbuka. Niliwahi kumchapa mwanafunzi mmoja fimbo tatu kwa kusinzia katika kipindi changu cha saa nane mchana. Alisimama, akapokea, akaketi. Dakika chache baadaye akanyanyuka tena akaelekea mlangoni, nikamwuliza kwa ukali anakwenda wapi. Akasema, "Kupiga kengele, mwalimu." Kipindi changu kilikuwa kimekwisha.

Kijana wenu hakuandika mzaha. Aliulizwa anapenda nini, akataja kitu ambacho kwa miaka hiyo hakukipata. Liache neno lake. Ongeza mstari mmoja tu chini yake, kwamba ndiye aliyekuwa akiwaamsha.

---

Nyanya_Chungu ameandika:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, abiria wa pembeni ananiuliza kama nimefiwa.

---

Kijiti_cha_Kiberiti ameandika:

Haya. Hiyo ya kengele iandikwe. Nyingine zote nabaki palepale.

---

Miwati_ya_Juu ameandika:

Kamwene.

Nimesoma huu uzi mara tatu kabla ya kujisajili hapa. Hakuna shule nyingine ambayo jamaa alianika betri kwenye bati la stoo ya kuni akapewa dawa ya minyoo. Mlimba, nakufahamu. Kitanda chako kilikuwa cha chini, karibu na mlango, na ulikuwa na ndoo ya kijani yenye kufuli. Mimi nilikuwa mkondo A ndiyo maana sipo kwenye otografu yako, na kwenye kundi lenu la WhatsApp hamkunialika, nalo tutaliongea.

Nina masahihisho.

Kwanza, redio haikuwa ya Betri. Ilikuwa yangu. Kaka yangu alikuwa fundi wa TAZARA pale Mbeya, alininunulia nikiwa kidato cha pili, nyekundu, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Betri alikuwa mtunzaji kwa sababu buti lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote. Kwa kuwa yeye ndiye aliyehangaika na jua, watu wakaamini ni yake. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, ila kwenye kitabu iandikwe.

Pili, umesahau antena. Ilikuwa imekatika tangu Pasaka. Usiku ule wa Zamalek tulitumia waya wa kuanikia nguo, ncha moja kwenye redio, ncha nyingine nje ya dirisha mkononi mwa mtu. Huyo mtu alikuwa mimi. Nilisimama nje na baridi ile toka kipindi cha pili mpaka penalti ya mwisho, mkono juu. Kila nikiushusha mlikuwa mnanifokea kwa ndani. Sikusikia hata penalti moja. Nilijua Simba wameshinda kutokana na kelele.

Tatu, ndugu yangu, hukuwa chini ya blanketi. Uliwekwa mlangoni uvizie patroni, kwa sababu ulikuwa Yanga na mpira haukukuhusu. Hiyo kazi uliifanya vizuri mpaka penalti. Halafu kelele ya kwanza bweni zima ilitoka mlangoni. Niliisikia nikiwa nje. Ni wewe uliyeleta patroni.

Nne, kuhusu marehemu. Sikujua kama aliandika hivyo, na huyo mwalimu amesema kweli tupu. Nakuongezea kitu kimoja. Usiku ule alikuwa pamoja nanyi ndani, kwenye kitanda cha kulia, alikuwa Simba damu. Patroni alitutoa nje wote, tukapiga magoti uwanjani mpaka baada ya saa saba. Tuliporudi kila mtu aliporomoka na viatu. Saa kumi na nusu kengele ililia kama kawaida. Nakumbuka nilitukana. Sikujiuliza ni nani aliyekuwa akiipiga.

---

Mlimba_Kwetu ameandika:

Mwalimu, shikamoo. Sijui niseme nini zaidi ya hiyo shikamoo. Ile kengele ilitupigia miaka minne, miwili ya mwisho ikiwa mkononi mwake, na mimi nikaja hapa kuwauliza watu kwa nini kijana anapenda kulala.

Jana nilipata ujasiri nikampigia mama yake. Yuko huko huko vijijini, simu anaongelea juu ya kichuguu ndiko mtandao unashika, kwa hiyo mnapeana zamu za kusikia. Nikazunguka sana, nikauliza mvua, nikauliza viazi, mwisho nikamwambia mama, kuna kitu mwanao alituandikia na sijui kama nikiweke. Nikamsomea.

Akacheka. Akacheka mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Huyo? Akija likizo siku tatu haamki hata kula. Nilikuwa naingia kumgusa shingo kama ana joto. Nilimwambia baba yake hii shule inawanywesha watoto dawa." Hakuwa anajua habari za kengele. Mtoto hakumwambia, au alimwambia akadhani ni jambo la kawaida. Nikamweleza saa za kuamka kama mwalimu alivyoandika, moja baada ya nyingine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Iandike. Andika na hizo saa." Kwa hiyo neno litabaki, na saa zake nitaziweka chini.

Mchungaji naye nimempigia. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu zote anacheka. Amekubali yaandikwe yote kwa sharti moja, ramani zitangulie, sahihi zifuate. Halafu akaongeza kwamba bado anaikumbuka ile sahihi ya mwalimu wa zamu, mkia wa herufi ya mwisho unapinda kushoto.

Dada Nyanya_Chungu, umenipata. Wasichana walikuwa 16. Nimempa upande wote huo Gazeti mwenyewe, sasa hivi yuko Songea. Amesema ataandika, ila ameuliza kama anaruhusiwa kuongezea pale kumbukumbu inapokatika. Nimemkatalia, lakini namjua.

Jirani wa Namanga, kurasa zote 38 nimezipiga picha. Pole ya shati.

Miwati ya Juu, kamwene na wewe. Namba yako niletee faragha nikuingize kwenye kundi leo hii. Ya antena nimekubali, nimeikumbuka hata ile kamba ya nguo, asubuhi yake tulikosa pa kuanika. Ya redio kuwa yako, tutamuuliza Betri mbele yako. Ila hilo la mlangoni nimelilalia usiku mzima. Nimewasimulia wanangu kile kisa miaka yote nikiwa chini ya blanketi, tena katikati, kichwa karibu na redio. Naona kabisa mgongo wa Betri. Lakini naona pia kitasa cha mlango, na ubaridi wake kiganjani.

Kama hiyo redio nyekundu bado ipo, njoo nayo Makambako. Betri mbili kubwa nitaleta mimi, mpya, zikiwa bado kwenye karatasi yake.